Taa Zilizowaka Hadi Asubuhi

Ubwari, tarehe 15 Juni 2024

Yaya Norbert, kaka yangu mpendwa,

Nakusalimu wewe, wifi Clarisse na mama. Sisi huku ni wazima, wazima mpaka naona haya kusema. Leo ni majuma matatu tangu arusi na bado nikiamka nashangaa kuona viatu vya mwanaume karibu na vyangu. Vainqueur ananiita Madame hata mbele ya mama yake. Asubuhi ekipe yao ya uvuvi ikirudi kutoka ziwani, wenzake wanaangalia wavu, yeye anatafuta kitenge changu kati ya bamama wanaongoja samaki. Wananicheka. Wacha wacheke.

Simu yangu huku ni ya kutazamia saa tu, mtandao hakuna, kwa hiyo nitakuwa nakuandikia. Barua atazibeba Dorothée, jirani yetu, ambaye huvuka kila juma kupeleka ndakala, hawa dagaa wetu wa kuanika, sokoni Baraka. Anazificha ndani ya kilemba ili zisilowe.

Yaya, kila jioni naikumbuka ile soirée yetu ya arusi. Uliifanya iwe mchana! Zile taa za sola ulizotundika kuzunguka uwanja wote wa parokia, ndefu, nyeupe, mpaka nikaona machozi ya mama kutoka mbali. Na mwezi ulikuwa mkubwa juu, lakini taa ziliushinda. Unakumbuka nilivyojikwaa kwenye ule waya nyuma ya jukwaa, gauni likanitangulia, na Vainqueur akanidaka kabla sijafika chini? Watu walipiga vigelegele kama tumepanga. Mimi najua hatukupanga.

Sasa habari kubwa. Jumamosi ya kwanza ya mwezi huu tulikusikia redioni, kwenye kipindi chako, *Pima Kabla ya Kununua*. Ulipozisifu zile taa na kusema umeziona kwa macho yako zikiwaka hadi asubuhi, na kwamba wavuvi watazipenda, Vainqueur alisimama. Akasema, "Huyu ni shemeji yangu, hawezi kudanganya." Siku iliyofuata alikwenda kwa Papa Raphaël, mkubwa wa ekipe yao. Mzee yule ni mgumu, karabai zake za mafuta, za kuvulia usiku, anazipenda kama watoto wake. Lakini Vainqueur alimshinda kwa maneno yako! Wamechanga, wamenunua taa sita kwa Déogratias, muuzaji uliyemtaja. Zimefika juzi. Wataanza nazo mwezi mkubwa ukishapita, maana samaki hufuata taa kukiwa giza tu. Karabai za zamani zimepata mnunuzi wa upande wa pili wa ziwa.

Ninajivuna kwa ajili yenu wawili.

Dada yako mwenye furaha,
Fanny


Baraka, tarehe 27 Juni 2024

Mdogo wangu Fanny,

Dorothée alileta barua yako mwenyewe hadi redioni. Ilinuka ndakala ofisi nzima. Nilimsomea mama, akacheka kuhusu viatu, kisha akaniomba nisome tena. Goti lake linamsumbua lakini kanisani anakwenda. Clarisse yuko sokoni kutwa. Barabara ya kwenda Fizi imekatika tena, magari yanalala njiani, kila kitu kimepanda.

Mimi nimechoka kidogo. Kipindi kimekuwa kama mahakama. Nikisifu simu ya aina moja, wenye aina nyingine wananingoja mlangoni: "Monsieur Norbert, sisi tulikukosea nini?" Nikisema simu fulani inapata moto, mwenye duka anauliza ninakula kwa nani. Juzi mtu alinisimamisha kwenye pikipiki katikati ya njia ili kuniambia kwamba redio yake ya mkono, niliyoisema vibaya mwaka jana, bado inaimba. Akaiwasha. Kweli iliimba.

Kuhusu ekipe, mwambie Vainqueur asifanye haraka. Karabai ni chombo kizuri, kimejulikana. Zisiuzwe. Hata kama taa mpya zipo, karabai zibaki.

Msalimie mama mkwe.

Kaka yako,
Norbert


Ubwari, tarehe 20 Julai 2024

Yaya Norbert,

Pokea salamu zetu. Mama mkwe anakushukuru kwa sabuni. Mimi nimejifunza kuanika ndakala bila kuziacha zikunjane, na Vainqueur amenitengenezea kiti kifupi cha kukalia pale mchangani, amechoma jina langu kwa msumari wa moto. Ameandika Fany, na N moja. Sikumwambia.

Barua yako ilifika karabai zimeshavuka ziwa.

Yaya, taa hazifai. Sijui niandike namna gani. Zinawashwa jioni, nyeupe na nzuri kama siku ile, na samaki wanaanza kuja. Baada ya masaa matatu zinapungua, zinakuwa njano, zinakufa moja moja. Samaki wanasambaa kabla wavu haujavutwa. Siku ya kwanza walidhani hazikupata jua la kutosha. Wakazianika siku mbili mfululizo. Masaa matatu. Wamerudi na wavu mtupu mara nyingi sana, na mimi niliyezoea kutafutwa kwa macho sasa naona anashuka akiangalia miguu yake.

Wamempa jina. Akipita wanaita, "Shemeji wa Redio! Kesho kuko mvua ao jua?" Dorothée, ambaye kilemba chake kinabeba barua hizi, aliniambia mbele ya bamama wote: "We Fanny, usikasirike, lakini kaka yako balimulipa. Batu ya redio njo vile. Banasifu kenye kinabalisha." Nilimjibu vibaya sana. Nilimwambia kaka yangu alitufundisha kurudisha hata sindano ya jirani. Akacheka tu, akasema, "Sindano haina redio, mama." Siku mbili hatukusalimiana, halafu nikahitaji mtu wa kubeba barua.

Papa Raphaël hasemi mengi. Amesema giza lijalo la mwezi likipita hivi hivi, Vainqueur atabaki nchi kavu, kwa sababu ekipe haiwezi kulisha mtu anayeleta njaa. Kwa mvuvi hiyo ni kama kumwambia asiwe mtu. Alizaliwa kwenye ekipe ile.

Basi nakuuliza mara moja tu na sitauliza tena. Kuna mtu alikulipa? Niambie hakuna, nimwonyeshe Dorothée maandishi yako.

Fanny wako


Baraka, tarehe 9 Agosti 2024

Fanny,

Natumaini hamjambo. Mama anauliza kama unakula. Clarisse anakutumia kitambaa, kimo ndani ya mfuko wa Dorothée.

Hakuna aliyenilipa. Unaweza kumwonyesha yeyote mstari huo.

Watu hawajui kazi hii inavyofanyika. Mwenye duka ananiletea kifaa kipya, bado kina karatasi zake za plastiki. Ninakaa nacho siku mbili, tatu, kisha anakirudisha dukani. Sikioni kikizeeka. Sikioni kikianguka, kikinyeshewa, kikishikwa na mikono yenye mafuta. Nasema nilichokiona katika siku mbili, na watu wanasikia ahadi ya miaka miwili. Vifaa vya maduka yasiyoniletea kitu sivisemi, kwa sababu sivioni, na wenye maduka hayo wanasema nawachukia. Labda huo ndio upendeleo wenyewe, sijui. Nina miaka saba katika kipindi hiki na sijawahi kupewa chombo siku kimeharibika.

Nilimwendea Déogratias. Amesema taa zake hazina kosa, wavuvi ndio hawajui kuzianika.

Pole kwa Vainqueur. Mwambie namheshimu.

Norbert


Ubwari, tarehe 24 Agosti 2024

Yaya,

Salamu kwa mama. Ninakula.

Vainqueur yuko nchi kavu tangu giza lililopita. Anashona nyavu za wengine. Kwa kuwa ana muda, jana alizisafisha zile taa sita. Pembeni mwa kila moja, chini ya kipande cha mpira, kuna tundu dogo. Alinionyesha akasema, "Ona, hapa njo waya inaingiaka."

Yaya, ule waya niliojikwaa nao ulikuwa unakwenda wapi?

Fanny


Baraka, tarehe 7 Septemba 2024

Mdogo wangu,

Nimeanza barua hii mara tatu. Mama mzima. Clarisse mzima. Nimeandika hayo kwanza ili usiogope, yaliyobaki yananihusu mimi.

Siku ya arusi yako, saa sita mchana, mtu wa jenereta niliyekuwa nimempa neno alituma ujumbe kwamba mashine imekufa. Uwanja ulikuwa tayari, bamama wanapika, wewe uko kwenye kusukwa. Nilizunguka Baraka nzima na pikipiki. Hakuna jenereta, kulikuwa na arusi nyingine nne, kwa sababu mwezi ulikuwa mkubwa na wavuvi wote walikuwa huru. Nilikaa chini mbele ya duka la Déogratias kama mtu aliyefiwa. Yeye ndiye aliyenifuata. Akasema, "Norbert, dada yako hawezi kuolewa gizani. Bebeni taa zangu, hii ni zawadi ya bibi arusi. Juma lijalo utasema redioni ulichokiona, basi."

Nilichokiona ni taa zinazowaka hadi asubuhi. Nilikisema.

Lakini waya niliuona, Fanny. Niliuona kabla hujaukanyaga. Ulitoka kwenye taa, ukapita nyuma ya jukwaa, ukaingia chini ya turubai palipokuwa na betri mbili za lori. Vijana wa Déogratias walikuwa wamekaa juu ya turubai wanakula. Ningeweza kuuliza, "Bila waya huu zinakaa masaa mangapi?" Ni swali ninalouliza kila Jumamosi kwa kazi. Sikuuliza, kwa sababu wewe ulikuwa unacheza, na sijawahi kukuona unacheza vile.

Na nilizipima wapi? Katika uwanja wa kanisa, chini ya mwezi, siku ambayo hakuna mvuvi hata mmoja anayevua. Kisha nikawaambia wavuvi watazipenda.

Nataka kuyasema haya kwenye kipindi. Kichwa changu kimechoka kuyabeba, na anayeyalipia ni mumeo. Lakini nikisema, Baraka yote na Ubwari yote itajua kwamba mwanga wa arusi yako ulikuwa chambo. Watu watakapoikumbuka soirée yako hawatakumbuka gauni. Ni jioni yako, si yangu. Sitasema neno bila ruhusa yako. Ukinikataza nitanyamaza, na sitakulaumu.

Kaka yako,
Norbert


Ubwari, tarehe 12 Oktoba 2024

Yaya Norbert,

Amani kwenu wote. Mvua zimeanza huku, ndakala hazikauki, nyumba nzima inanuka.

Dorothée amevuka mara nne bila barua yangu. Kila mara aliniuliza, "Hakuna kitu?" nikasema hakuna. Usidhani nilikuwa na hasira. Nilikuwa naitaka ile jioni. Nilisema moyoni, Mungu wangu, watu wana mashamba, wana mitumbwi, mimi nina jioni moja tu, na hiyo nayo wanaitaka kuitangaza redioni. Niliificha barua yako ndani ya begi la gauni.

Nikimwona Vainqueur anashona wavu wa mtu mwingine, nageuza uso. Yeye alifikiri nimechoka naye. Juzi akaniuliza, "Madame, ulitaka kurudi kwenu?" Yaya, sijawahi kuulizwa kitu kibaya namna ile kwa sauti ndogo namna ile. Nikaleta begi, nikamsomea barua yako yote.

Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akaanza kucheka, mpaka mama yake akachungulia mlangoni. "Kumbe siku ile nilikuokoa na umeme!" Alicheka, halafu akafuta macho, akasema usiseme. Akasema yeye atazoea nchi kavu, lakini hataki mtu aizungumzie arusi ya mke wake sokoni.

Hapo ndipo nilipojua. Yeye ananyamaza kwa ajili yangu, wewe unanyamaza kwa ajili yangu, na mimi nimekaa juu ya begi la gauni kama wale vijana juu ya turubai.

Sema, yaya. Sema yote, jina langu pia.

Ila usiseme kwa kusikia tena. Mwezi mkubwa ukipita, njoo huku, ingia kwenye ekipe ya Papa Raphaël ukiwa na taa moja bila waya, ukae nayo juu ya maji mpaka ife. Watakutukana, najua, Papa Raphaël ana mdomo. Vumilia. Ukirudi ndipo useme.

Na ukifika kwenye ule waya, sema pia kwamba alinidaka. Hiyo Déogratias hakuileta.

Dada yako,
Fanny


Ubwari, tarehe 16 Novemba 2024

Yaya mpendwa,

Natumaini kifua kimepona. Mama mkwe anasema mtu wa ofisi hakupaswa kulowa ziwani vile, nami nikamwambia mtu wa ofisi alihitaji kulowa. Ametuma tangawizi, mpe Clarisse akuchemshie.

Nakuandikia jinsi kipindi kilivyosikika, maana wewe ulikuwa ndani ya redio na hukutuona.

Papa Raphaël aliweka redio yake juu ya mtumbwi uliopinduliwa. Ekipe yote ilikuwepo, na bamama wa ndakala, na Dorothée mbele kabisa kama vile amelipia kiti. Ulianza na sauti ya kukauka. Uliposema, "Taa hii niliisifu mwezi wa sita. Juma lililopita nilikaa nayo ziwani, ilikufa baada ya masaa matatu na dakika kumi, mbele ya watu kumi na wawili waliokuwa na njaa," mtu alipiga makofi, akanyamazishwa. Kisha ukaingia kwenye arusi. Waya. Betri. Turubai. Jina langu. Yaya, nilitaka ardhi inifunike. Vainqueur alinishika mkono, hakuuachia.

Ukasema, "Hakuna aliyenipa pesa. Nilipewa kitu nilichokitaka zaidi ya pesa, na nikashindwa kuuliza swali moja." Halafu ukasema kuanzia sasa utapima kilichokwisha kutumika, mikononi mwa aliyekinunua, na kila mtu atasikia kwanza nani alikuletea. Ukamaliza bila kusema kwamba alinidaka.

Nilikasirika kidogo. Lakini kabla ya wimbo wa mwisho Dorothée aligeuka akaniuliza kwa sauti kubwa, "Na pale kwa waya, ulianguka?" Nikasema sikuanguka, alinidaka. "Nani?" Nikamwonyesha. Bamama wakapiga vigelegele palepale mchangani, na ndakala zote zikakanyagwa. Labda ndiyo sababu uliniachia niseme mwenyewe.

Papa Raphaël alizima redio. Alikaa. Akasema, "Huyu sasa iko muntu ya kunipimia simu." Kisha akamwambia Vainqueur bila kumtazama, "Mwezi ikipunguka, we kuya. Utachota maji ndani ya mutumbwi, kama mugeni." Kuchota maji ni kazi ya anayeanza, lakini ni kurudi kwenye ekipe. Vainqueur aliitikia, "Ndiyo papa," kama amepewa ekipe yake mwenyewe. Karabai mbili zimerudi kutoka upande wa pili, nzee, zimekwaruzwa. Mzee anazisugua kila siku.

Umeandika kwamba Déogratias hakusalimii tena, na wenye maduka wengine wawili wamesimamisha matangazo yao. Pole. Najua kipindi kinaweza kufa. Najua umechoka, na mimi nimechoka, hata kupenda kunachosha, sikuambiwa. Lakini mwezi ni mkubwa leo. Mume wangu yuko nyumbani, anakuna nazi vibaya, na ameniita Madame mara sita tangu asubuhi.

Taa tano zimerudishwa dukani, ya sita tumeomba ibaki kwetu. Tumeitundika juu ya meza. Kwa hiyo nami nina neno kwa kipindi chako, ukiona linafaa. Taa hii hainifikishi asubuhi. Inawaka masaa matatu na dakika kumi, kisha inakufa. Kwa ziwa haifai. Kwa nyumba ya watu wawili waliooana juzi inatosha kabisa, hata inazidi. Nimeipima mwenyewe, siku nyingi, bila waya.

Fanny